Kilomita chache, bei kubwa: maswali yenu kuhusu gari za mizigo mizito

Assalaam alaikum wasomaji wetu. Mwezi huu barua zenu nyingi zinauma pahala pamoja, gari za bodi wazi, zile zisizo na mbavu wala paa tunazopakia mashine, nondo, matangi na makontena, na karibu kila mmoja analia na bei. Mie nimekaa miaka mingi bandarini na daftari mkononi nahesabu mizigo inayopanda na inayoshuka, kwa hivyo nimechagua barua tano. Ya mwanzo ntaikalia sana maana ukishaifahamu hiyo hizi nyengine zinakuwa nyepesi.

Ami, shikamoo. Mimi niko Micheweni. Nimenunua mashine ya kufyatulia matofali na mikisa yake ya kuchanganyia zege kule Dar es Salaam, jumla tani 6, imeshafika Mkoani salama. Mwenye gari ananitajia laki 6 kunifikishia nyumbani. Jirani yangu wiki hiyohiyo kaleta saruji mifuko 300 kwa gari hiyohiyo na bei hiyohiyo! Mie na tani zangu 6 nilipe sawa na yeye? Tena safari yenyewe ni humuhumu Pemba. Naibiwa?

Marahaba mwanangu. Huibiwi, ila pia hujapata bei ambayo ungeweza kuipata, na hayo ni mambo mawili mbalimbali.

Mifuko 300 ya kilo 50 ni tani 15, gari imejaa, kwa hivyo jirani yako kalipia elfu 40 kwa tani. Wewe tani 6 kwa laki 6 ni laki moja kwa tani. Gari ni ileile, dereva yuleyule, siku ileile moja imekwisha, ndo mana bei haikushuka. Gari ya bodi wazi ukiikodi peke yako unakodi bodi nzima, sehemu usiyoitumia umeilipia vilevile. Watu wengi hapo ndipo wanapohamaki wakadhani kuna ujanja.

Sasa tuje kwenye umbali, maana hili ndilo lililonifanya niikalie barua yako. Pemba nzima toka kusini mpaka kaskazini ni kilomita 67 hivi, tuseme kwa mapindo ya barabara unakwenda 70. Gari ya mizigo iliyopakia inakunywa kiasi cha nusu lita kwa kilomita, hizo lita 35, kurudi tupu tuseme lita 20, jumla 55. Chukua bei ya dizeli iliyotangazwa mwezi huu na ZURA, mamlaka inayopanga bei ya mafuta Zanzibar, uzidishe kwa 55, utaona mwenyewe ni sehemu ndogo tu ya laki 6. Kwetu visiwani mwendo sio unaokula pesa. Pesa inaliwa na kusimama na kunyanyua.

Nikupe moja nililoliona kwa macho yangu. Tulikuwa tunashusha boila ya kuchemshia makonyo ya karafuu, tani 8, imekuja kwa chombo cha mdomo, kile kinachofungua mlango wa mbele gari ikaingia ndani. Ilikuwa bamvua na maji yamekupwa mno, chombo kimeshuka chini na mlango umeinama kama paa la nyumba. Lobedi, ile trela ya bodi ya chini ya kubebea mashine nzito, iko karibu na ardhi, ukiiteremsha pale magurudumu ya mbele yanakuwa chini na ya nyuma juu, tumbo linakaa juu ya ukingo wa chuma basi haendi mbele wala harudi nyuma. Dereva akashuka, akalala kifudifudi akatazama chini ya gari, akainuka akapangusa mikono akasema mie siingii mpaka maji yajae. Alifanya haki kabisa. Tukasubiri zaidi ya masaa manne, gari imezimwa, winchi imesimama kando na saa yake inahesabiwa, hamali wamelala kivulini nao wanahesabiwa. Kule boila ilikokuwa inakwenda ni kilomita 9 tu. Mwenye boila alilipa siku mbili, na yote ile ingeepukika kwa kumuuliza mvuvi yeyote pale ufukweni maji yanajaa saa ngapi.

Kwa hivyo mwanangu usimuulize mwenye gari "mpaka Micheweni shilingi ngapi" peke yake. Muulize laki 6 hiyo ina masaa mangapi ya kusubiri bandarini na mangapi nyumbani kwako, na yakizidi saa moja bei gani. Nani anapakia nani anateremsha. Turubai na minyororo ni yake au unalipia mbali. Andikianeni na tarehe muitie, maana bei ya mafuta inabadilika kila mwezi na mtu akikupa bei leo ukaja kupakia mwezi ujao mtagombana bure.

Kunyanyua nako kuna siri yake. Watu wanasikia winchi ya tani 25 wanafikiri inanyanyua tani 25 popote, sivyo hata kidogo, hiyo ni pale mkono ukiwa mfupi umekaa karibu na mwili wake. Ikinyoosha mkono mbali nguvu zinashuka vibaya sana, na mashine yako ya tani 6 ikiwa inatakiwa ivuke ukuta au mtaro ndo ije kukaa pale penye sakafu yake, unaweza kulazimika kukodi winchi kubwa kuliko uliyoifikiria. Na winchi hukodishwa kwa siku, na inalipiwa safari yake ya kuja na kurudi pia, hata kama kazi yenyewe ni robo saa.

Lakini Pemba Mungu katupa vilima. Tafuta pahala pana ukingo wa udongo unaolingana na bodi ya gari, kimo cha kifua hivi, gari irudi nyuma ibane pale, mtandike mbao nene, chini ya mashine muweke mabomba manne ya chuma ya duara, mashine inavutwa taratibu kwa winchi ya mkono huku mtu mmoja anachukua bomba linalotoka nyuma analipeleka mbele. Nimeona wazee wameshusha mashine ya kusaga hivyo, haikuchubuka hata rangi. Masharti ni mawili na nakuomba sana uyashike, kuwe na waya wa pili unaozuia kwa nyuma mashine isije ikakimbia, na asisimame mtu yeyote upande wa chini. Chuma cha tani kikianza kwenda hakimsikilizi mtu.

Na hii ndiyo itakayokupunguzia bei kweli: jaza gari. Una tani 9 tupu juu ya bodi na wewe ni mtu wa kufyatua matofali, si saruji utaihitaji tu? Tani 9 ni mifuko 180, ukiipanga 6 kwenda juu inakula kiasi cha mita 3 za bodi. Mashine ikae katikati, saruji mbele yake, katikati yao mbao ili oili isifike kwenye mifuko, juu turubai mbili ikiwa ni masika au vuli. Laki 6 ileile itakuwa imebeba tani 15, na ile pesa ambayo ungelipia gari ya saruji baadae inabaki mfukoni mwako. Kama saruji huitaki sasahivi tafuta mtu wa Konde au Wete mwenye mzigo mchangiane. Na mara nyengine uliza kwanza kama kuna chombo kinachoweza kukuteremshia Wete, ni karibu zaidi na kwenu kuliko Mkoani.

Maalim, mimi ni mama nnaejenga Fuoni. Nimenunua nondo za milimita 12, tani 5, na mwenye duka ananambia lazima nikodi semi, ni ghali mno. Kwa nini tani 5 zisipande fuso? Fuso si inabeba zaidi ya hapo?

Inabeba dada yangu, uzito sio tatizo lako, tatizo lako ni urefu. Nondo nzima ni mita 12 na bodi ya fuso ni mita 6 au 7, kwa hivyo nusu ya nondo itakuwa inaelea nyuma barabarani, inachezacheza kwenye kila tuta, na mtu wa vespa anaekuja nyuma usiku hazioni mpaka zimfike usoni. Mwenye duka kakwambia sawa.

Kuna njia ya kuzikunja katikati zikawa mita 6 na wengi ndo wanavofanya. Kwa milimita 12 inastahamilika, ila pale palipokunjwa ukija kupanyoosha chuma kimeshachoka, usikubali fundi akapaweka pale kwenye nguzo. Njia nnayoipenda mie ni nyengine, mwambie fundi wako akuandikie vipande anavovihitaji, nguzo mita ngapi, mkanda mita ngapi, zikatwe dukani kabla ya kupakiwa. Ukikata ovyo utapoteza, maana kila kiungo cha nondo za 12 kinakula kama sentimita 60 za kupandana, ila ukikata kwa orodha ya fundi hupotezi maana zingekatwa tu hukohuko kwenye saiti. Vipande vya mita 6 vinalala kwenye fuso vizuri kabisa, na tofauti ya kukodi utaiona.

Hesabu nondo zako pia. Mita moja ya 12 ni gramu 888, nzima inakuja kilo 10 na gramu 660 hivi, kwa hivyo tani moja ni kama nondo 94 na tani 5 ni 470. Kabla hazijakatwa hesabu. Halafu zifungwe kwa mnyororo, kamba zinakatika kwenye ncha za nondo, na zisukumwe mbele mpaka ziguse ubao wa mbele wa bodi. Zikiachiwa nafasi hata ya hatua moja, dereva akishika breki kwa ghafla zinakwenda zote kwa pamoja, na mbele yao yupo yeye.

Assalaam alaikum. Niko Wete. Mtoto wa ndugu yangu anaishi Columbus, Ohio, kapata katapila la kuchimbia la mitumba, tani 13, kimo mita 2.8, upana mita 2.5. Anataka kulipeleka bandari ya Baltimore. Kapewa bei tatu za flatbedi, hizo gari za bodi wazi za kule, zimepishana sana na zina maneno mengi hatuyafahamu. Tufanyeje?

Waalaikum salaam. Mwambie kijana kwanza asitazame bei, atazame aina ya gari iliyoandikwa kwenye kila bei, nahisi ndipo zilipopishana.

Kule Marekani flatbedi ya kawaida ina futi 48 au zaidi kidogo, na gari na mzigo wake kwa pamoja haitakiwi kuzidi ratili 80,000, ambazo ni tani 36 na kidogo, katika hizo mzigo wenyewe unapata ratili 48,000 hivi, karibu tani 22. Kwa hivyo kwenye uzito katapila lake limo, tena kwa mbali. Upana unaoruhusiwa ni futi 8 na nusu, sawa na mita 2.59, hapo pia limo. Kimo ndo kuna shida. Majimbo ya upande ule kimo cha juu ni futi 13 na inchi 6, mita 4.11, na bodi ya flatbedi yenyewe iko mita moja na nusu toka chini. Jumlisha na 2.8 inakuja mita 4.3. Limezidi. Akichukua flatbedi ya kawaida ataambiwa akate vibali vya mzigo uliozidi kimo, na njia hiyo inapita Ohio, West Virginia, Pennsylvania na Maryland, majimbo manne, na kila jimbo linatoa kibali chake na kulipwa pesa yake.

Dawa yake ni stepdeki, ileile bodi wazi lakini imeshushwa ngazi moja nyuma ya kichwa, bodi yake iko kama mita 1.07 toka chini. Jumlisha na 2.8 ni mita 3.87, kibali hakuna tena. Stepdeki kwa maili inaweza kuwa na bei zaidi ya flatbedi na bado ikamtoka nafuu. Loboi, ambayo ndo lobedi yetu, asiikodi, hiyo ni ya vitu vikubwa zaidi na atalipia asichokihitaji.

Baada ya hapo maneno yanayobaki ni mepesi. Wenzetu wanahesabu kwa maili kwa kuwa nchi yao ni kubwa, Columbus mpaka Baltimore ni kiasi cha maili 400, kwa mfano wa kufundishia tu ukiambiwa dola 3 kwa maili ni dola 1,200. Juu yake kuna nyongeza ya mafuta, inapanda na kushuka kufuata bei ya dizeli ambayo serikali yao inaitangaza kila wiki, aulize kama imo ndani ya dola 3 au inakuja juu yake, maana mwengine anataja bei ya maili ndogo akaja akairudisha kwenye mafuta. Kuna malipo ya turubai, katapila halihitaji turubai, malipo hayo ayaondoe. Kuna malipo ya kuchelewesha gari, kwa kawaida wanakupa masaa mawili ya kupakia bure na baada ya hapo saa inasoma, kwa hivyo katapila liwe limeshawashwa, tairi au minyororo imekaguliwa, na mtu wa kulipandisha yupo kabla gari haijafika. Mlango wa yadi uwe mpana semi ipite. Unaona, ni yaleyale ya Mkoani, ila wenzetu wameyaandika kwenye karatasi.

Baltimore kachagua vizuri, bandari ile inajulikana sana kwa meli za kupakia mashine za shamba na za ujenzi zinazojiendesha zenyewe kuingia ndani. Huko baharini hesabu inageuka, mashine inalipiwa kwa mita za ujazo na sio maili wala tani, kwa hivyo mkono wa katapila ukunjwe mpaka mwisho kabla ya kupimwa, na ndoo kama inatoka itolewe ifungwe pembeni yake. Sentimita chache za urefu zinazidishwa kwa upana na kimo, zinakuja kuwa pesa. Na asisahau bima ya safari nzima toka yadini mpaka Wete, sio ya meli tu, mashine nyingi zinaumia wakati wa kupandishwa na kuteremshwa.

Kaka, nina semi yangu hapa Mwera, kichwa ekseli 3 na trela ekseli 3. Kuna mteja anataka nivuke bara nikamchukulie marumaru tani 38 toka kiwandani. Anasema gari inaweza. Nikubali?

Usikubali mdogo wangu. Gari inaweza, barabara na mizani haziwezi. Kule bara inatumika sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016, walianza kuitumia 2019. Ekseli ya mbele ya usukani tani 8, ekseli mbili za nyuma za kichwa tani 18, tatu za trela tani 24, jumla yako ni tani 50 gari na mzigo. Semi yako tupu tuseme tani 16, umebakiwa na 34. Ukipakia 38 utasimamishwa mizani ya mwanzo, utalipa faini na mzigo uliozidi utapunguzwa, sasa marumaru za watu utazishusha njiani uzilinde na nani?

Jengine, hata hizo 34 zipangwe. Ukizirundika mbele karibu na kichwa jumla inakuwa sawa lakini zile ekseli mbili za kichwa zimezidi 18, na mizani inapima ekseli kwa ekseli. Mpe mteja bei ya safari mbili au atafute gari ya pili ya kumalizia, na kama hataki muache aende, tairi na springi zako ndio mtaji wako.

Salaam. Tuna nyumba ya wageni Mji Mkongwe, ndani kwenye vichochoro. Tumenunua jenereta la kilo 1,200. Gari ya bodi wazi inatuletea toka bandari ya Malindi. Bei ya gari ni ndogo lakini hamali wanatutajia pesa mara tatu ya gari. Ni haki?

Ni haki. Gari itakufikisha kwenye barabara kubwa tu, pale pa mwisho panapopita tairi zake, baada ya hapo kila mita jenereta lako linakwenda kwa mikono na rukwama na mabomba, na watu wanane watakaa nalo siku nzima. Hiyo ndo kazi yenyewe, gari ilikuwa kionjo.

Ila kabla hujalitoa bandarini fanya hivi. Mwambie seremala akugongee fremu ya mbao nyepesi, upana na urefu wa kitako cha jenereta, sentimita kwa sentimita, halafu watu wawili waibebe wapite nayo njia nzima toka gari itakaposimama mpaka mlangoni kwako, waishike chini usawa wa goti. Chini hasa, sio juu. Mabaraza ya nyumba zetu yanatoka nje na yanakula njia chini, juu unaona pana nafasi ya kutosha kumbe chini hapapiti. Wakifika kwenye kona wasiigeuze fremu kwa kuiinua, waizungushe hapohapo chini kama jenereta litakavyozungushwa. Kona ambayo fremu inakwama irudini mtafute njia ya upande wa pili, na mkiipata wapeleke hamali wenyewe wakaione kabla hamjakubaliana bei, maana nusu ya ile pesa wanayokutajia sasahivi ni ya kona wasiyoijua.